Kahawa Katika Nyumba ya Mkulima

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, maghala, pembejeo na hesabu zilizokaguliwa, nami sina la kuongeza juu ya hayo. Mimi nimeombwa niseme machache juu ya jambo la nyumbani, nalo ni kikombe cha kahawa. Huenda wako watakaoona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa siku kubwa kama hii. Nawaomba wanistahimilie kwa muda wa nusu saa, kisha waamue wenyewe.

Tafadhali itazameni karatasi ya ratiba mliyo nayo mikononi. Saa nne kamili imeandikwa: “Mapumziko ya Chai.” Hiki ni Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa. Kila aliyemo humu ndani, isipokuwa wageni wetu, amelipa karo ya mtoto kwa kahawa au amesomeshwa kwa kahawa. Hata hivyo ratiba imeandikwa chai, wala hapana aliyeshangaa. Simlaumu Katibu, maana ameandika kama tusemavyo sote. Katika lugha yetu chakula cha asubuhi huitwa chai, hata kama mtu amekunywa uji. Na mwenye kutaka fedha za kificho husema apewe ya chai. Walakini lugha hiyo hiyo ina neno mkahawa, yaani nyumba ya kuuzia vyakula na vinywaji, neno lililotokana na kahawa yenyewe. Siku hizi waweza kuingia katika mikahawa mitatu ya mji mmoja, ukaagiza kahawa, ukaambiwa kwamba iliyopo ni chai.

Hali hii ina asili yake. Kahawa ililetwa katika milima hii ya Kilimanjaro na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao walikuwa wamekwisha kuijaribu Bagamoyo, nao wakaipanda Kilema katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Wazee wetu waliipokea kuwa mti wa fedha. Ndizi zilikuwa chakula, mbege ilikuwa kinywaji cha heshima, maziwa yalikuwa ya watoto na wazazi. Kahawa ilikuwa kodi, karo na mabati ya nyumba. Mwaka 1925 walianzisha Kilimanjaro Native Planters’ Association, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Walipigania haki ya kulima, na haki ya kuuza kwa pamoja. Haki ya kunywa hawakuipigania, kwa sababu hapana aliyewanyima, wala hapana aliyeitamani. Hivyo tukarithi mibuni chini ya migomba, tukarithi na ushirika, ambao ulifutwa mwaka 1976 ukarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kikombe hatukurithi.

Tukitelemka pwani twaona kinyume chake. Watu wa Tanga, wa Dar es Salaam, wa Unguja na wa Mombasa kwa kawaida hawana mbuni hata mmoja uani, lakini kahawa wanaijua. Muuzaji hupita mitaani na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo mkononi hata watu wakamsikia kabla hawajamwona. Hutia tangawizi, na mwingine huongeza iliki. Kahawa yenyewe ni chungu, nayo hunywewa pamoja na kashata au tende au kipande cha halua. Mtu hukaa barazani, akapokea kikombe kisichofika nusu ya kikombe cha chai, akakinywa polepole huku habari za mji zikisimuliwa na bao likichezwa. Wako wanaofanya hivyo baada ya sala ya alfajiri, wako wanaongoja jua lipungue. Sijapata kuona mtu wa pwani akinywa kahawa yake amesimama, mkono mmoja ukifunga vifungo vya koti, kama sisi tufanyavyo kwa chai yetu asubuhi.

Wala msifikiri kwamba ni pwani tu. Ndugu zetu Wahaya wa Bukoba walikuwa na kahawa yao, ile ya robusta, tangu zamani kabla wamisionari hawajafika. Hawakuikaanga wala kuichemsha ili kunywa. Huchuma matunda, huyachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, huyakausha, kisha huyatafuna. Mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Tena tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana. Basi watu wawili waliotaka kuwa ndugu walipaka damu yao katika punje hizo, kila mmoja akameza ya mwenzake. Nawaomba mfikiri jambo hili. Ilikuwako jamii katika nchi yetu ambayo punje ya kahawa ilikuwa ni mkataba kwao, miaka mingi kabla kahawa haijawa bidhaa ya mnada. Hata leo, ukifika Bukoba, utazikuta zikiuzwa katika vifuko vidogo.

Na katika Uhabeshi, ambako ndiko asili ya kahawa ya arabika tunayoilima sisi, kunywa kahawa ni ibada ya nyumbani. Mama wa nyumba huosha punje mbichi mbele ya wageni, huzikaanga katika kikaango kipana juu ya makaa, kisha hukizungusha kikaango ili kila mgeni aivute harufu ya moshi. Hapo ndipo huzitwanga, akazichemsha katika chungu cheusi chenye shingo ndefu kinachoitwa jebena. Hunywewa mara tatu. Mzunguko wa kwanza huitwa abol, wa pili tona, na wa tatu baraka. Na mtu mwenye adabu haondoki kabla ya baraka. Jambo lote huweza kuchukua saa nzima na zaidi. Uhabeshi huvuna kahawa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na karibu nusu yake hunywewa na wenyewe. Sisi Tanzania zaidi ya sehemu tisa katika kumi huuzwa ng’ambo.

Nimesikia ikisemwa, na wakati mwingine na watu wenye vyeo, kwamba Watanzania wote wakinywa kikombe kimoja kila siku bei ya kahawa itatengemaa na shida zetu zitakwisha. Mimi sikubali, wala sitaki Mkutano huu udanganywe. Brazil ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa kuvuna kahawa, na wananchi wake hunywa karibu theluthi ya mavuno hayo. Hata hivyo mkulima wa Brazil haamui bei. Ule utaratibu wa nchi zote wa kugawa mafungu ya kuuza, ulioanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1962, ulipovunjika mwezi wa Julai 1989, bei zilianguka kwa kila mtu; na mwaka 2001, katika soko la New York, ratili moja ya arabika ilishuka chini ya senti 50 za dola. Wengi wenu mnakumbuka. Wako walioing’oa mibuni ya baba zao mwaka ule wakapanda nyanya na mahindi. Kisha mwezi wa Februari 2025 ratili hiyo hiyo ilipita dola 4. Kati ya bei hizo mbili mti ni ule ule, mlima ni ule ule, na jembe ni lile lile. Anayetuahidi kwamba kikombe chetu kitauzuia upepo huo hajui ukubwa wake.

Basi faida ya kikombe ni nini? Kazi yangu katika Chama hiki ni kuonja, na kwa hiyo nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu.

Misimu michache iliyopita mzigo wa chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja kwa jina, ulikatwa bei. Mnunuzi aliandika neno moja tu katika karatasi yake: “Moshi.” Wanachama walikasirika sana. Waliitisha mkutano, na maneno makali yakasemwa: kwamba wanunuzi wamefanya njama, kwamba Chama Kikuu kimewauza, kwamba mtu hawezi kuona moshi katika punje ya kahawa. Nilikwenda na mifuko miwili midogo: mmoja wa kahawa yao, mwingine wa kahawa ya majirani wao wa upande wa pili wa mto. Nilizikaanga zote mbili pale pale uani, nikazitwanga, nikatia maji ya moto katika vikombe visivyo na alama, nikaomba watu waonje. Wengi walisema zote ni chungu, maana hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kunywa zao lao wenyewe. Lakini mama mmoja mtu mzima alikinusa kikombe cha pili, akakirudia, akakiweka chini, akasema, “Hii imeanikwa darini.” Mkutano ukanyamaza. Msimu ule mvua za vuli zilikuwa zimefunika jua, na nyumba kadhaa zilikuwa zimepandisha kahawa ya maganda darini juu ya meko ili isioze. Mama yule aliijua harufu ile kwa kuwa ndiyo harufu ya jikoni mwake. Mnunuzi alikuwa amesema kweli. Lakini hapana aliyeweza kuiamini kweli hiyo hadi ilipotoka katika kinywa cha mmoja wao. Msimu uliofuata walinunua maturubai ya kufunikia vichanja, na neno lile halikuandikwa tena juu ya mzigo wao.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote, Bwana Mwenyekiti. Sisi tumekubali kuhukumiwa kwa ulimi wa mtu mwingine katika jambo ambalo ndilo riziki yetu. Mkulima wa mahindi hula ugali. Akiambiwa mahindi yake yana uvundo, hupika akaonja, akajua kama ameonewa au hakuonewa. Mfugaji hunywa maziwa yake. Mkulima wa kahawa pekee ndiye anayeambiwa “zao lako lina uchachu” akaitikia kwa kichwa bila kujua uchachu huo wafananaje. Akiambiwa kwa haki, hajui pa kurekebisha. Akiambiwa kwa hila, hajui namna ya kubisha. Mambo yote mawili yanampunguzia fedha.

Na makosa mengi husikika ulimini waziwazi, kwa mtu yeyote aliyezoea. Kahawa iliyochumwa mbichi hukaza ulimi kama ndizi isiyoiva. Iliyokaa katika tangi la kuchachushia muda mrefu kupita kiasi hutoa ukali kama wa siki, tena mbaya zaidi kama wa kitunguu kilichooza. Iliyoanikwa chini badala ya kichanjani huleta udongo. Nchini Rwanda na Burundi wakulima wanaijua ladha ya viazi vibichi inayofuatana na kuumwa kwa tunda na wadudu, na punje moja tu ya namna hiyo yatosha kuharibu chungu kizima. Hapana hata moja katika haya linalohitaji cheti cha chuo.

Mtaniuliza namna ya kuitengeneza nyumbani. Haihitaji mashine. Chukua punje zilizokobolewa, uzichague kwa mkono kama uchaguavyo mchele, utupe nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Tumia kaango la chuma au chungu kipana, moto wa wastani, na mwiko usiosimama hata kidogo. Punje zitageuka kutoka kijani kuwa manjano, na harufu yake itakuwa kama ya majani makavu. Msikate tamaa hapo. Baadaye zitakuwa rangi ya mdalasini, kisha mtasikia mlio wa kupasuka, kama bisi zinapoanza. Ukitaka kuonja zao lako ili ulijue, epua dakika moja au mbili baada ya mlio huo kupungua. Ukiendelea hata zikawa nyeusi na kung’aa mafuta, utakuwa na kahawa kali yenye kufaa kwa tangawizi na kashata, lakini makosa ya shambani yatakuwa yamejificha nyuma ya ladha ya kuungua. Zimwage katika ungo, uzipepete zipoe upesi na makapi yaruke. Twanga siku ile unayokunywa, wala si kabla, kwa kuwa kahawa iliyosagwa hupoteza harufu yake upesi kuliko ile ya punje. Iliyobaki itie katika kopo lenye kifuniko.

Kwa kuonja, pima gramu 8 kwa maji ya mililita 150. Mimina maji yaliyochemka na kutulia kidogo, ungoje dakika nne, vunja ile ngozi inayoelea juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu, kisha acha ipoe kiasi. Uivute kwa kijiko kwa kelele kubwa, hata kama tulifunzwa utotoni kwamba ni utovu wa adabu; hewa ikiingia pamoja nayo, ladha huenea kinywani. Sukari siku hiyo isiguswe. Siku nyingine kila mtu na atie apendavyo, ingawa mimi binafsi naona kwamba vijiko vitatu vya sukari katika kikombe kimoja ni kunywa miwa.

Sasa gharama. Lazima tuiseme, kwa kuwa kila punje inayokaa nyumbani haikuuzwa. Yapata kilo 6 za matunda mekundu hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Ikikaangwa hupungua uzito kwa sehemu 15 hadi 20 katika mia, na kinachobaki hutosha vikombe 100 hivi. Nyumba itakayokunywa vikombe kumi kwa juma, yaani Jumapili na siku za wageni, itatumia kwa mwaka mzima karibu kilo 5 za kahawa safi, nazo ni matunda ya debe mbili hivi au tatu. Nyumba itakayokunywa kila siku itatumia mara kadhaa zaidi, na kwa mwenye mibuni michache hiyo si kazi ndogo. Ndiyo maana sisemi kila mtu aache chai kesho. Nasema Jumapili na wageni. Vilevile kila mtu na aupime mwili wake: wako wasiopata usingizi wakiinywa jioni, na mama mjamzito yafaa anywe kidogo tu.

Lakini isiwe chenga na mabaki. Tuna desturi ya kuchagua iliyo nzuri kwa ajili ya kuuza na kuacha iliyovunjika kwa ajili yetu, kisha tunasema kahawa si tamu. Mtu aliyekunywa takataka za ghala hajaionja kahawa ya Kilimanjaro. Angalau mara moja katika msimu kila nyumba ionje ile ile inayopakiwa katika magunia bora, ili tujue ni kitu gani kinachopendwa huko kinakokwenda. Na madukani mwetu, pale kwenye rafu, vimepangwa vikopo vya kahawa ya unga iliyotengenezwa ng’ambo, ingawa Bukoba kuna kiwanda cha kahawa ya namna hiyo tangu miaka ya 1960. Mkulima hununua kikopo hicho kwa ajili ya mgeni mheshimiwa, huku gunia la kahawa limeegemea ukuta nyuma yake. Sijui jina la jambo hilo kwa Kiswahili fasaha, lakini si ushirika.

Nimesema habari ya yule mama na pua yake, nami sitaki ipite hivi hivi. Katika milima yetu fedha ya ndizi na maziwa imekuwa ya mama, na fedha ya kahawa imekuwa ya baba. Jina katika daftari la chama aghalabu ni la baba. Lakini nani huchuma? Nani huosha, nani huchambua kichanjani, nani hukimbia mvua inapoanza? Tukiteua waonjaji wa vyama vya msingi kwa kufuata daftari, tutawaacha nje watu wenye ujuzi mwingi kuliko wote. Napendekeza kwamba katika kila chama wawili kati ya waonjaji watatu wawe akina mama, na kwamba walipwe posho kama walipwavyo wajumbe wengine. Najua kwamba neno posho limewaamsha waliokuwa wakisinzia.

Lililo mbele ya Mkutano ni dogo, nalo limechapwa katika ukurasa wa mwisho wa taarifa mliyogawiwa: kila chama cha msingi kiwe na kaango moja, kinu kimoja na mizani ndogo, kila mzigo uonjwe na wanachama kabla haujaondoka kwenda kukobolewa Moshi, na maneno yao yaandikwe katika daftari, ili yalinganishwe na maneno ya mnunuzi, na katika mikutano yote ya Chama hiki wageni wapewe kahawa yetu. Kuhusu kuuza kahawa iliyokaangwa katika vifuko vidogo kwenye masoko yetu, Bodi imeomba muda wa kupiga hesabu, nami naona ni haki waupate.

Basi, kwa idhini yako, Bwana Mwenyekiti, saa nne imekaribia. Juu ya meza zilizo nyuma ya ukumbi yamewekwa mabirika mawili, moja lina kitambaa cheupe na jingine kitambaa chekundu. Kahawa zote mbili zimetoka katika kata moja na zimekaangwa jana jioni katika kaango moja. Lakini moja ilichumwa nyekundu tupu, na nyingine ilichanganywa na mbichi. Sitasema ni ipi. Kila mjumbe achukue kikombe kutoka kila birika, bila sukari, aandike katika kipande cha karatasi rangi ya kitambaa cha ile aliyoiona bora pamoja na sababu yake kwa neno moja. Makatibu watakusanya karatasi hizo mlangoni, na matokeo yatasomwa kabla ya kupiga kura. Chai ipo pia kwa wasioweza kunywa kahawa.